Mkaguzi wa Rangi Naye Akaguliwe

Katika nchi ya Marekani mtu haruhusiwi kuingia katika nyumba ya kuishi iliyojengwa kabla ya mwaka 1978, akazipima kuta zake, kisha akatoa hati kwamba nyumba hiyo ina rangi yenye risasi au haina, ila kama amefundishwa kazi hiyo, ametahiniwa, na amepewa cheti chenye tarehe ya mwisho. Sheria hiyo sisi twaiona kuwa njema. Twaandika juu yake leo kwa sababu wako wengi kati ya wasomaji wetu, hasa mafundi rangi na wafanyakazi wa majengo, ambao riziki yao ni kukwangua rangi za zamani na kupaka mpya. Na kwa sababu nchi yetu, pamoja na jirani zetu wa Kenya, imekwisha weka viwango vya kuzuia risasi katika rangi zinazouzwa. Kuweka kiwango ni jambo la kuandika na kutia sahihi. Kumpata mtu anayeweza kusimama mbele ya mlango wa chekechea na kusema kwa hakika, "Mlango huu una sumu," ni jambo jingine kabisa, na jambo hilo huanza darasani.

Risasi tunayoisema hapa si ile ya bunduki, ingawa madini ni yale yale. Tangu zamani watengenezaji wa rangi waliichanganya kwa sababu iliifanya rangi iwe nyeupe sana, au nyekundu, au manjano inayong'aa. Iliifanya ikauke upesi. Tena iliifanya istahimili mvua na jua. Kwa mfanyabiashara hiyo ilikuwa rangi bora. Kwa mwili wa binadamu ni sumu isiyokuwa na kazi hata moja yenye manufaa. Ikiingia tumboni au mapafuni hushika njia ya damu, na mwili, usioweza kuitambua, huichukua kana kwamba ni chokaa ya kujengea mifupa, ukaiweka akiba humo kwa miaka mingi. Kwa mtu mzima huleta shinikizo la damu, maradhi ya figo na udhaifu wa mishipa ya fahamu. Kwa mtoto mdogo huharibu ubongo ungali unajengwa, na uharibifu huo haurudi nyuma. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama.

Waliougua kwanza walikuwa wafanyakazi. Mafundi rangi wa Ulaya walijulikana kwa maumivu yao ya tumbo na mikono yao iliyolegea viganja, na katika nchi nyingi maradhi hayo yalipewa jina la kazi yao. Ndiyo maana Shirika la Kazi Duniani, lilipokuwa bado changa, lilikutana Geneva mwaka 1921 likapitisha Mkataba wa 13, unaozuia kutumia risasi nyeupe katika kupaka rangi ndani ya majengo. Twaomba wasomaji waukumbuke mwaka huo. Serikali ya Marekani haikuuridhia mkataba huo, na haikukataza rangi yenye risasi katika nyumba za watu mpaka mwaka 1978, yaani miaka 57 baadaye. Wala haiwezi kusemwa kwamba madhara yake kwa watoto hayakujulikana. Mwaka 1904 daktari mmoja wa Queensland, Australia, jina lake J. Lockhart Gibson, alikwisha andika kwamba watoto aliowatibu walikuwa wakipata sumu kutoka rangi ya mbao za baraza za nyumba zao. Mji wa Baltimore, huko huko Marekani, ulipiga marufuku rangi hiyo ndani ya nyumba mwaka 1951. Kilichokawia kilikuwa utashi wa kumgusa mwenye kiwanda na mwenye nyumba ya kupangisha.

Kukawia huko kumeacha urithi mbaya. Katika uchunguzi wa serikali ya Marekani juu ya nyumba za nchi hiyo, iliyokisiwa kuwa na rangi yenye risasi ni idadi ya nyumba takriban milioni 34. Ni kweli kwamba nyumba hizo zote haziui watu. Rangi iliyoshikamana vizuri na ukuta haimdhuru mtu. Lakini rangi huzeeka, hubanduka magamba, na pale penye kusuguana, kama katika madirisha ya kupandisha na kushusha, husagika ikawa vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Mtoto atambaaye huligusa vumbi hilo kwa viganja, kisha huvitia viganja kinywani. Na ni nani anayekaa katika nyumba zenye madirisha mabovu na kuta zinazobanduka? Si tajiri. Ni mpangaji maskini, ni mtu mweusi, ni mgeni aliyefika juzi.

Wageni hao ni pamoja na Waafrika wenzetu. Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, alifariki mtoto wa kike wa miaka 2, binti wa wakimbizi kutoka Sudani ambao walikuwa wamehamia mjini hapo wiki chache tu kabla yake. Nyumba waliyopangishwa ilikuwa kuukuu, yenye rangi ya risasi. Damu ya mtoto huyo ilipopimwa ilikutwa na mikrogramu 392 za risasi katika desilita moja. Kipimo ambacho madaktari wa Marekani wanakitumia tangu mwaka 2021 kumtambua mtoto aliyezidi wenzake ni mikrogramu 3.5. Msimamizi wa nyumba hiyo alishitakiwa na kufungwa kwa makosa juu ya hati za onyo ambazo wapangaji walistahili kupewa. Tangu hapo madaktari wa nchi hiyo huagizwa kuwapima tena watoto wa wakimbizi miezi michache baada ya kuwasili, maana imeonekana kwamba wako wanaofika wazima wakitoka kambini, kisha wakapata sumu ndani ya nyumba waliyopewa kuwa kimbilio. Miongoni mwa familia hizo ziko nyingi za Wakongo na Warundi wasemao Kiswahili, waliotoka katika kambi za Kigoma na kwingineko. Kwa hiyo habari hizi si za watu wa mbali.

Sasa tuitazame sheria yenyewe. Mwaka 1992 Kongresi ya Marekani ilipitisha sheria ya kupunguza hatari ya rangi ya risasi majumbani, na mwaka 1996 Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo, EPA, likatoa kanuni za mafunzo na vyeti. Majimbo mengi huziendesha kanuni hizo yenyewe, mengine yakiongeza masharti juu yake. Jambo la kwanza lililotupendeza ni kwamba kanuni hizo hazikuchanganya kazi mbili ambazo kwa haraka mtu angedhani ni moja. Yuko mkaguzi, ambaye kazi yake ni kujibu swali moja tu: risasi iko wapi katika nyumba hii? Na yuko mchunguzi wa hatari, ambaye huulizwa swali gumu zaidi: je, risasi hiyo inamdhuru mtu sasa hivi, inamfikia kwa njia gani, na ifanywe nini ili isimfikie?

Mkaguzi hutakiwa kusoma muda usiopungua saa 24, na katika hizo saa 8 sharti ziwe za kufanya kwa mikono. Mchunguzi wa hatari husoma hayo yote kwanza, kisha huongezewa saa 16, nne kati yake zikiwa za vitendo. Akimaliza chuoni bado hajapata ruhusa. Hukaa mtihani mwingine wa kupatiwa cheti, na hawezi kuujaribu zaidi ya mara tatu katika miezi sita; akishindwa hurudi darasani kuanza upya. Cheti nacho si cha maisha. Kwa kawaida hudumu miaka mitatu, kisha mwenyewe hurudi kwa masomo ya siku moja ya kujikumbusha. Hata chuo chenyewe hupewa kibali cha miaka minne tu. Yaani huko anayepima hupimwa, na anayemfundisha apimaye hupimwa vile vile.

Wako watakaosema kwamba siku tatu za darasani si kitu. Sisi nasi twakiri kuwa si nyingi. Lakini yatazameni yale yanayofanywa katika siku hizo. Mwanafunzi hupewa mkononi chombo chenye umbo kama bastola, ambacho hupeleka miali ndani ya ukuta, na risasi iliyofichika, hata ikiwa chini ya matabaka mengi ya rangi mpya, hujibu kwa miali yake yenyewe ya eksirei. Chombo hicho ni cha ajabu, na bei yake ni maelfu mengi ya dola. Mtu mjinga akikishika hukiamini kama mganga anavyoamini ramli yake. Aliyefundishwa hukishuku. Kabla ya kuanza kazi hukijaribu kwenye kibao chenye kiasi cha risasi kinachojulikana. Hurudia jaribio hilo kila baada ya saa nne. Na hulirudia tena mwisho wa kazi, ili kama chombo kimepotoka ajue kwamba vipimo vya katikati navyo vimepotoka. Hufundishwa kwamba katika kila chumba hawezi kupima ukuta mmoja akaondoka, maana ukuta huenda ulipakwa rangi ya 1985 na fremu ya dirisha hilo hilo ikawa ingali na rangi ya 1930. Mlango, fremu yake, ngazi, mkono wa ngazi, kabati la ukutani, kila kimoja ni shahidi wa peke yake na sharti kihojiwe peke yake.

Kisha kuna vumbi. Kupima vumbi kwaonekana kazi rahisi kuliko zote, maana ni kufuta sakafu kwa kitambaa chenye maji na kukipeleka kitambaa maabara. Lakini eneo lililofutwa lisipopimwa kwa rula, hesabu ya maabara haina maana, kwa kuwa hesabu ni ya mikrogramu kwa kila futi ya mraba. Kitambaa kikifutwa mara moja tu, vumbi hubaki. Mkono usipovaa glavu mpya kwa kila mahali, risasi ya jikoni itaandikwa kuwa imetoka chumba cha kulala. Na baada ya nyumba kusafishwa, sharti ingojewe muda usiopungua saa moja kabla ya kupima, ili vumbi lililoko hewani litue. Mkaguzi mvivu asiyengojea saa hiyo atapata majibu mazuri, mwenye nyumba atafurahi, na jioni vumbi litatua juu ya mkeka wa mtoto. Saa moja tu! Hilo mtu hawezi kulijua kwa akili ya kuzaliwa. Ni la kufundishwa.

Tena vipimo vyenyewe hubadilika. Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha vumbi la sakafuni kuwa mikrogramu 40 za risasi kwa futi ya mraba. Baadaye kikashushwa kuwa 10. Na kanuni iliyotolewa mwezi Oktoba 2024 imekishusha, kwa nyumba iliyokwisha fanyiwa kazi, kuwa 5. Mji wa New York, kwa upande wake, tangu Desemba 2021 umekata nusu kiasi cha risasi kinachotosha kuiita rangi kuwa ni ya risasi, kutoka miligramu 1 hadi nusu miligramu kwa sentimita ya mraba. Mkaguzi aliyesoma mwaka 2000 akalala juu ya cheti chake angeweza leo kuipa nyumba yenye sumu hati ya usalama, tena bila kusema uongo kwa kadiri ya alivyofundishwa. Ndiyo sababu ya kumrudisha darasani, na wale wanaolalamika kwamba masomo ya kujikumbusha ni gharama ya bure hawana hoja.

Liko jambo jingine katika kanuni hizo ambalo twataka wafanyakazi walisome mara mbili. Mtu anayetaka kuwa mchunguzi wa hatari hutakiwa awe na elimu au uzoefu, na milango imefunguliwa zaidi ya mmoja. Mwenye digrii huingia kwa uzoefu wa mwaka mmoja. Mwenye stashahada ya miaka miwili huingia kwa uzoefu wa miaka miwili. Mhandisi au msanifu majengo aliyesajiliwa huingia kwa usajili wake. Na aliyemaliza sekondari tu, akafanya kazi inayohusiana na mambo hayo kwa miaka mitatu, naye huingia, akakaa dawati moja na wenye digrii na kufanya mtihani ule ule. Na kwa mkaguzi wa kawaida kanuni za EPA hazikudai hata digrii. Zimedai mafunzo na mtihani.

Hapo sheria imemtendea haki mtu wa kazi. Fundi aliyekwangua milango miaka kumi anajua kwa kugusa kidole rangi ipi ni ya zamani na ipi ni ya juzi, na anajua mahali ambapo mwenye nyumba huficha ubovu. Anachokikosa ni elimu ya kile kinachoingia mapafuni mwake anapopiga msasa. Mpeni elimu hiyo, naye atakuwa mkaguzi hodari kuliko kijana aliyetoka chuoni bila kushika brashi. Twalisema hili kwa sababu hapa kwetu umeanza ugonjwa wa kudhani kwamba kila kazi yenye heshima sharti ilindwe na digrii, na hivyo fundi abaki fundi mpaka mgongo umpinde.

Lakini tusiisifu Marekani kupita kadiri. Yaliyotokea New York yatosha kuonyesha kwamba kanuni nzuri huweza kukaa kitabuni huku watoto wakila vumbi. Mamlaka ya nyumba za umma ya mji huo, yenye wapangaji wapatao 400,000, wengi wao watu wa kipato kidogo, ilipaswa kukagua kila mwaka nyumba zake zenye rangi ya risasi. Mwezi Novemba 2017 idara ya uchunguzi ya mji ilitangaza kwamba ukaguzi huo ulikuwa umeachwa kwa miaka kadhaa, na huku wakuu wakiipelekea serikali ya shirikisho hati zilizotiwa sahihi kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Ukaguzi ulipoanzishwa tena, ikagundulika kwamba wengi waliotumwa vyumbani hawakuwa wamepewa mafunzo yaliyotakiwa. Katika mashitaka yaliyofunguliwa mwezi Juni 2018 ilitajwa kwamba watoto wasiopungua 19 walikutwa na risasi ya kupita kiasi wakiwa katika nyumba za mamlaka hiyo zenye rangi ya sumu. Januari 2019 mamlaka ikakubali kuwekewa msimamizi kutoka nje.

Tujiulize: mtu asiyefundishwa akiingia chumbani na karatasi ya kutia alama, ataona nini? Ataona ukuta. Pengine ataona umebanduka. Hatatazama kizingiti cha dirisha, hatainua zulia, hatauliza kama kuna mtoto chini ya miaka sita. Ataweka alama na kwenda chumba cha pili. Kwa maoni yetu ukaguzi wa namna hiyo ni mbaya kuliko kutokagua kabisa, maana mama asiyeambiwa neno huendelea kuwa na hadhari, lakini mama aliyeonyeshwa hati ya serikali kwamba nyumba yake ni salama humwacha mtoto atambae.

Hata katika kanuni za EPA lipo tundu ambalo twaliona kubwa. Mkandarasi anayeondoa rangi ya risasi anashauriwa tu, wala halazimishwi, kumwachia mtu mwingine kazi ya kupima kama ameiondoa sawasawa. Ni kama kumwachia mwanafunzi asahihishe mtihani wake mwenyewe. Nyumba zinazosaidiwa na fedha za serikali ya shirikisho zina masharti makali zaidi katika jambo hilo. New York nayo, baada ya aibu yake, ilipitisha sheria namba 31 ya mwaka 2020, iliyowalazimisha wenye nyumba za kupangisha zilizojengwa kabla ya 1960 kuzipima zote kabla ya tarehe 9 Agosti 2025, na mpimaji awe mwenye cheti cha EPA, tena asiwe mtu wa mwenye nyumba wala wa kampuni itakayofanya matengenezo. Hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa tangu mwanzo na po pote. Mafunzo humpa mkaguzi macho, lakini anayelipwa na yule anayemkagua huyafumba.

Wala elimu ya mtu mmoja haifai kitu kama taifa halina watu wa kumsikiliza. Mwaka 2025 mji wa Milwaukee ulipogundua risasi katika shule zake uliomba msaada wa wataalamu wa kituo cha serikali cha kuzuia maradhi, CDC, ukajibiwa kwamba msaada haupatikani, kwa sababu wataalamu wa kitengo hicho walikuwa wameachishwa kazi. Nchi tajiri kuliko zote ilikuwa na vyombo, ilikuwa na sheria, ilikuwa na vyeti, ikawafukuza watu.

Sasa turudi nyumbani. Miaka ya 2010 shirika la AGENDA la Dar es Salaam, likishirikiana na wenzake wa nchi nyingine, lilinunua rangi za mafuta madukani kwetu likazipeleka maabara, na baadhi yake zikakutwa na risasi nyingi mno, hasa zile zenye rangi kali za kupendeza macho. Sheria ya mfano iliyotolewa na Umoja wa Mataifa yataka risasi isizidi sehemu 90 katika milioni. Viwango dhidi ya rangi hiyo vimekwisha wekwa, nasi twawapongeza waliohusika. Hata hivyo kiwango hukataza kopo la leo. Hakiondoi rangi iliyokwisha pakwa mwaka 1975 kwenye milango ya shule, vitanda vya chuma vya hospitali, bembea za watoto, mageti na mabati. Rangi hiyo ingali hapo, na kila likizo hupigwa msasa mkavu na vijana waliofunga kitambaa puani, ama hata hicho hawana, kisha jioni hurudi nyumbani na nguo zile zile kuwapakata watoto wao.

Majirani zetu wa Mombasa wametuonyesha thamani ya kupima. Watu wa Owino Uhuru hawakupata sumu kwa rangi, bali kwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya nyumba zao. Lakini risasi ni ile ile. Malalamiko yao yalipata nguvu pale damu na udongo vilipopimwa. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufani nyingi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaithibitisha mwezi Desemba 2024. Kikohozi cha mtu na maumivu ya tumbo hupingwa mahakamani. Namba iliyopimwa na mtu anayejua kazi yake ni vigumu kuipinga.

Kwa hiyo twasema kwamba ukaguzi wa risasi katika majengo ya umma ufanywe kuwa kazi ya ufundi, yenye masomo, mtihani na cheti cha muda. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ndiyo yenye dhamana ya wafanyakazi. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yenye wanakemia. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ndiyo yenye karakana ambamo fundi rangi huanza maisha yake. Wakikaa pamoja watatu hao hawatashindwa kutunga masomo ya siku chache, nusu darasani na nusu kwenye jengo la kweli lenye milango ya kweli. Si lazima kuanza na chombo cha maelfu ya dola kwa kila wilaya. Mkaguzi anayejua kuchagua mahali pa kukwangua kipande cha rangi, akakitia katika mfuko safi, akaandika barabara kimetoka wapi, na kukipeleka maabara, amekwisha fanya sehemu kubwa ya kazi.

Mafunzo hayo yawe wazi kwa fundi mwenye uzoefu, wala isidaiwe digrii mlangoni. Ada yake isimwangukie kibarua. Anayeshinda zabuni ya kukarabati ndiye alipe. Na mtihani uwe mtihani. Twayajua ya kwetu: cheti kikianza kuwa na thamani, hazitapita siku nyingi kabla hakijaanza kuuzwa. Kwa hiyo majina ya wenye vyeti na tarehe za kwisha kwake yabandikwe hadharani, na mwalimu mkuu, mganga au mpangaji awe na haki ya kumwambia mkaguzi, "Ndugu, tuonyeshe cheti chako," bila kuonekana mkorofi.

Na wale ambao hawatakuwa wakaguzi, yaani mafundi wa kawaida, nao wasiachwe. Kanuni za Marekani zinampa kibarua wa kuondoa risasi mafunzo ya saa 16, nusu yake kwa vitendo; na tangu Aprili 2010 hata kampuni ya ukarabati inayolipwa kugusa rangi katika nyumba za zamani sharti iwe na mtu aliyesoma saa 8. Humo hufundishwa mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi: kulowesha kabla ya kukwangua, kutopiga msasa wala kuunguza rangi kwa moto, kutandika turubai, kufuta kwa maji badala ya kufagia, kubadili nguo na kunawa kabla ya kula. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi chaweza kuyaanza hayo mwezi huu bila kungoja kanuni yo yote, nacho kiyadai katika mikataba kama kinavyodai mishahara.

Wanachama wenzetu nao wana la kufanya mahali walipo. Msimu wa matengenezo ya shule hufika kila mwaka, na katika kamati nyingi za shule wamo viongozi wa matawi yetu. Hukaa wakabishana juu ya bei ya kopo na rangi ya ukuta. Mwaka huu, kabla ya kumpa mtu kazi, wamwulize maswali matatu: rangi unayoleta imepimwa risasi na nani, rangi ya zamani utaiondoaje, na vijana wako wamefundishwa wapi? Akishindwa kujibu, zabuni yake irudishwe, na milango ya watoto isiguswe na msasa mpaka apatikane anayejibu.